Maneno Niliyomtia Baba Kinywani

Mdogo wangu wa mwisho anaishi kwa kuchekesha watu. Hata mimi nilichukua miaka kukubali kwamba hiyo ni kazi. Anasimama mbele ya ukumbi, anaiga sauti za watu, na watu wanacheka mpaka wanafuta macho. Siku ninayoikumbuka hapa alikuja kwenye hoteli yangu ya chai na chapati, Sultan Hamud, pamoja na mwanamke mmoja anayerekodi mazungumzo ya kuweka mtandaoni. Walitaka kukaa saa nzima wakiongea juu ya chochote kitakachokuja. Alichagua kwangu kwa sababu, alimwambia yule mwanamke, duniani kuna mtu mmoja tu anayemwogopa, na mtu huyo yuko jikoni.

Niliwapa meza ya dirishani, wakasimamisha simu zao juu ya vijiti, nami nikarudi kusukuma chapati. Kwenye meza ya pili alikuwa ameketi baba yetu mdogo, aliyetoka Kasikeu asubuhi hiyo aliposikia kijana wetu atakuwa hapo. Na kulikuwa na jambo moja ambalo sikutaka baba mdogo alisikie maishani mwake.

Kwetu, mzazi anayekufa akitoa agizo, agizo hilo huitwa kiumo, na hakivunjwi. Anayekivunja hujiletea balaa, yeye na nyumba yake. Watu wa kanisa letu husema hayo ni mambo ya zamani, lakini sijamwona hata mmoja wao akikijaribu.

Mama alitangulia. Miaka miwili baadaye baba, aliyekuwa akinunua mbuzi Mwingi na kuwauza huku Makueni, alianguka sokoni kule, na upande mmoja wa mwili wake ukafa. Nilikuwa kidato cha pili. Nilitumwa kumuuguza, nikakaa naye hospitalini siku nne, karibu peke yangu. Baba mdogo alifika mara moja tu, akarudi kutafuta nauli ya wengine. Siku ya nne baba alifariki.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa kutugawa. Hawakuwa wabaya. Mvua ilikuwa imekataa misimu miwili, na hakuna nyumba iliyoweza kupokea watoto wanne pamoja. Mmoja angeenda kwa shangazi, wawili kwa akina mjomba, na huyu mdogo, aliyekuwa na miaka sita, angeenda kwa baba mdogo kuchunga ng'ombe. Walipokuwa karibu kumaliza nikasimama. Msichana hasimami kwenye kikao kile. Nikasema baba aliniachia maneno: "Watoto wangu wasitenganishwe. Atakayewatenganisha, nyumba yake isisimame."

Baba mdogo alivua kofia akaiweka magotini. Kikao kikaishia hapo. Tulibaki wanne pamoja, mimi nikaacha shule nikaanza kuuza chapati.

Baba hakusema hivyo. Nilimtia maneno kinywani akiwa hana siku mbili kaburini, na tangu hapo niliishi nikisubiri kulipia. Dada yetu alipopoteza mimba yake ya kwanza, nilijua ni mimi. Kisima chetu kilipokauka, nilijua ni mimi. Niliomba kanisani, lakini sikuwahi kusema kosa lenyewe, hata kwa kunong'ona. Halafu huyu mchekeshaji akakifanya kiumo kile kuwa kichekesho. Wamama wa kanisa walinionyesha kwenye simu: baba amelala kitandani, anainua kidole, anatoa amri, ukoo mzima unatetemeka. Watu wa Kitui walicheka hadi viti vikalia. Mimi niliona jambo moja tu, kwamba sauti ile haikuwa ya baba. Nikajiambia alikuwa mdogo mno, ameisahau.

Kwa hiyo siku ile nilisukuma chapati huku masikio yakiwa mezani kwao.

Walianza na hatari. Yule mwanamke aliuliza ni nini kinachomtisha jukwaani. Mdogo wangu akajibu kwamba boda boda akianguka anaweza kufa, na mambo yakaisha, lakini mchekeshaji akianguka hafi, na hiyo ndiyo shida: anabaki pale, mzima, watu wakimwangalia. Akasimulia alivyowahi kuchekesha wakulima wa pojo mwaka ambao pojo hazikutoka. Dakika kumi nzima alisikia kuku wa jirani.

Wakaingia kwenye ustadi. Alisema watu wengi wakitaka kuiga mtu huanza na sauti, na hapo ndipo wanapopotea. "Usianze na sauti," alisema. "Anza na jinsi mtu anavyoomba chumvi. Mtu hawezi kujificha akiomba chumvi."

Nilicheka peke yangu jikoni, maana nilijua amejifunzia wapi. Akiwa mtoto alikuwa akikaa kwenye kibao karibu na jiko langu akiwasikiliza wateja, kisha jioni anaturudishia mmoja mmoja: dereva wa lori, mwalimu mkuu, muuza nyanya mwenye kigugumizi. Huyo wa mwisho nilimkataza.

Baadaye wakahamia sinema. Alikumbuka kibanda cha video cha Kasikeu, ambako filamu za Kichina zilikuwa na mtu wa kuzitafsiri kwa Kiswahili cha mtaani, na kwamba mpaka alipofika darasa la sita aliamini Wachina wote huongea kama makanga wa Nairobi. Kutoka hapo wakafika kwenye mieleka ya televisheni. Mdogo wangu akasema ile yote imepangwa, hata maumivu yana mazoezi.

"Imepangwa na nani?" baba mdogo akauliza kutoka meza yake. Wote wakageuka. "Mimi nimeona damu."

"Baba mdogo, ile damu pia imepangwa."

"Na hayo meno yako yalivyoota ovyo, nayo yalipangwa?"

Yule mwanamke alicheka mpaka akashika meza, na simu moja ikaanguka. Alipoirudisha, akasema vizuri, hapa tumefika kwenye imani. Mzee anaamini mieleka. Je, mchekeshaji anaamini nini? Kisha, kwa upole, kama mtu anayeuliza kitu kidogo: "Ile ya baba yako kitandani. Kile kiumo. Ni cha kweli?"

Nikaacha chapati kwenye kikaango.

Sijawahi kumwona mdogo wangu akikataa swali. Huongea kama wengine wanavyopumua. Lakini sasa alinitazama kupitia dirisha la kupitishia chakula, kisha akaomba simu zizimwe. Yule mwanamke akazizima zote mbili, akaomba maji, akatoka nayo nje. Ninamheshimu kwa hilo mpaka leo.

"Baba mdogo," mdogo wangu akasema, "baba alikuwa anaombaje chumvi?"

Mzee alifikiri. "Kaka yangu? Alikuwa anauliza, 'Hii mboga imesahauliwa nini?'" Akatabasamu. "Hakuwahi kumwambia mtu fanya hivi. Alikuwa anauliza tu, mpaka ufanye. Ukikaa kwenye kiti chake atauliza kama kile kingine kina misumari."

"Basi 'nyumba yake isisimame' ilisemwa na nani?"

Chapati ilikuwa inaungua. Nilisikia harufu, nikaiacha.

"Nimejaribu kuyasema maneno yale kwa sauti yake miaka yote hii," mdogo wangu akaendelea, sasa akizungumza nami. "Hayakubali. Nimewauliza watu wa Mwingi waliofanya naye biashara, nimewauliza majirani, sauti yake ninayo. Lakini maneno yale hayaingii ndani yake. Siku moja niliyasema kwa sauti yako, mwaitu, yakakaa sawa. Jukwaani huwa ni wewe. Watu hudhani ni mzee."

Mwaitu, kwa Kikamba, ni kusema "mama yangu". Ndivyo wadogo zangu wote watatu walivyoniita tangu mwaka ule.

Nilitoka jikoni nikiwa na unga hadi viwikoni. Nilitaka kupiga magoti mbele ya baba mdogo, na nilikuwa nimeanza, lakini akanizuia kwa fimbo yake.

"Nilijua," akasema.

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu siku ile ile. Si nilifika Mwingi nikamwona? Ulimi ulikuwa haugeuki. Neno moja lilikuwa linamchukua kama mtu anayepanda mlima. Yale yako yalikuwa hotuba."

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kiumo si kitu unachojaribu uone kama ni cha kweli. Wewe ungejaribu?" Akavaa kofia yake vizuri. "Tena nilifurahi. Sikuwa na chakula nyumbani, na huyu alikuwa anakula kama nzige. Uliniondolea aibu ya kukataa mtoto wa kaka yangu."

Mdogo wangu ndiye aliyeanza kucheka, kisha mzee, na mimi nikajikuta nimekalia kiti cha wateja, kitu ambacho sikifanyi saa za kazi, nikicheka na kulia bila kujua kipi ni kipi. Kifua kilikuwa chepesi kiasi cha kunitisha. Nilikumbuka mimba ya dada yangu na kisima, nikaona kwamba mimba ilikuwa mimba na kisima kilikuwa kisima.

Mdogo wangu alivuta kiti karibu. "Sasa niambie. Alisema nini hasa?"

Sikuwahi kumwambia mtu, kwa sababu nilipoyaacha yale ya kweli nilidhani sina haki nayo tena. Na hayakuwa na uzito wowote. Asubuhi ya mwisho baba alinishika kidole, akahangaika kwa muda mrefu na maneno, na alipoyapata yalikuwa juu ya mbuzi. Tulikuwa tumemwacha mmoja nyumbani, mweusi, karibu kuzaa. Nilimjibu kwamba bado hajazaa. Akafunga macho, na hakuongea tena.

Mdogo wangu aliinamisha kichwa kidogo upande, akalegeza bega moja, akatazama mlangoni kana kwamba swali lile halimhusu sana.

"Yule mbuzi mweusi," akauliza, "amezaa?"

Baba mdogo alishusha kofia ikafunika macho. Ilikuwa ni baba mwenyewe. Sikuwa nimemsikia tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na sasa alikuwa hotelini kwangu mchana kweupe, anauliza habari za nyumbani.

"Amezaa, baba," nikamjibu. "Wiki ile ile tuliyokuzika. Wawili, na wote wakaishi."