Kalamu Iliyoanikwa Juani

Céline, Mrundi anayeuza kalamu sokoni katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, huzijaribu kwanza kwa kuzianika juani juu ya bati. Anyieth, binti anayeanza mtihani wa kidato cha nne kesho, alitaka ya jeli kwa sababu inateleza.

"Mama Céline, hii ya kawaida inakwaruza kama kuku jaani!"

"Hiyo ya jeli imelala kivulini, bado sijaijaribu juani, binti yangu. Ngoja."

Akazianika zote mbili. Zilipopata moto, ya jeli ilivuja, ikachafua karatasi na vidole vya Anyieth. Ya kawaida ilikwaruza, lakini maandishi yakasomeka.

"Na darasa lenu ni mabati matupu, kesho litawaka joto hivi hivi," alisema Céline.

Anyieth akachukua ya kawaida. Ile ya jeli, Céline hakuifuta amuuzie mwingine. Aliitupa. Hivyo ndivyo inavyopasa kuuza.