Salamu za Kifilipino za Maman Priscille

Mama yangu, Priscille, ndiye mkunga wa kwanza wa Kasha, mtaa wetu wa pembezoni mwa Bukavu, kuongea Kifilipino, na sijui kama atatokea wa pili. Ninajivunia, na simwombi mtu radhi.

Mwaka 2000, vita vikiwa vimefunga barabara, wanawake wa Kasha walioshikwa na uchungu walishindwa kufika hospitali mjini. Kituo chetu cha afya kilikuwa na kitanda, lakini hapakuwa na mkunga mwenye cheti cha kufungulia maternité, wodi ya kujifungulia. Parokia ikampatia mama nafasi ya kwenda kusoma Ufilipino miezi mitatu. Sharti la kupata cheti lilikuwa moja: azalishe wanawake kumi kwa mikono yake mwenyewe. Asipowafikisha, anarudi mikono mitupu, na wanawake wetu wanaendelea kuzalia njiani.

"Utasema nabo luga gani, Maman?" nilimuuliza tulipomsindikiza hadi mpakani, daraja la Ruzizi.

"Ya kwabo," akajibu. "Mwanamuke mwenye uchungu hangojake mutu wa kutafsiri."

Kule mwalimu wa kozi alimwambia asijisumbue, mkalimani yupo. Mama hakubishana. Nyuma ya daftari akaandika maneno yake: magandang umaga po, habari za asubuhi, lile po likiwa la heshima; salamat po, asante; hinga, vuta pumzi; ire, sukuma; kaya mo 'yan, unaweza. Akayakariri akifua, akayakariri akipiga pasi. Hata hivyo wiki sita zilipita, na wanawake wa kijiji walikofanyia mazoezi wakawa wanamkwepa. Walimtabasamia, kisha wakamwita mwanafunzi mwenzake. Kazi yake ikawa kushika beseni. Alikuwa hajazalisha hata mmoja.

Asubuhi moja wakaenda kwenye nyumba ya mjamzito aliyekaribia kujifungua. Mama akasalimu kama tunavyosalimu Bukavu, mtu kwa mtu, bila kumruka yeyote: bibi mwenye nyumba, mjamzito, jirani. Mwisho akafika kwa msichana wa miaka mitatu, ambaye mama alikuwa ameambiwa kwamba anaitwa Rosario kama bibi yake, huyo mwenye nyumba. Akamwinamia.

"Magandang umaga po."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Heshima ile ya po ni ya wakubwa, nani humpa mtoto anayechezea vumbi? Mwalimu akaona haya kwa niaba yake. Bibi akauliza sababu, na mama akamjibu kupitia kwa mkalimani maneno ambayo mpaka leo anapenda kuyarudia:

"Kwetu, mutoto mwenye kubeba jina ya nkambo, bibi yake, tunamuitaka Maman. Siwezi kukuheshimu weye, halafu yeye nimuzarau."

Bibi akaacha kucheka. Akamtazama mjukuu, akamtazama mama, akasema, "Huyu ndiye atakayempokea mtoto wetu."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Uchungu ukaanza siku hiyo hiyo, na kabla ya saa nane mchana, kwa hinga, ire na kaya mo 'yan, mvulana alikuwa analia mikononi mwa mama. Habari ikatembea kijijini, wanawake wakaanza kumwita kwa jina. Alirudi Bukavu na cheti chake, amezalisha kumi na wanne.

Maternité ya Kasha ikafunguliwa. Mwaka 2002 nililala pale mimi mwenyewe kujifungua, milio ya risasi ikisikika upande wa milimani, nikipiga kelele kwamba nimeshindwa, ninakufa. Mama akanishika magoti. Hakutumia Kiswahili wala Mashi, lugha yetu ya nyumbani.

"Kaya mo 'yan, Carine."

Hata wakati huu, Kifilipino! Hasira ikanipanda, nikasukuma kwa hasira hiyo hiyo, na kulipokuwa kunapambazuka binti yangu akatoka.

Nikasema ataitwa Priscille. Mama alimfunga katika kitenge, machozi yakimtiririka bila aibu, akamwinamia.

"Magandang umaga po, Maman."