Miti ya Kalekye, Jina la Musembi

Kalekye aliwaambia wajukuu wake mpaka wakachoka: ile bustani ya zamani katikati ya mji wa Kitui, ile yenye miti mikubwa, ni mkono wake. Walimcheka. Bibi wa Ikutha, muuza kunde, atapanda bustani ya serikali lini? Basi aliposikia kwamba imekarabatiwa na jiwe limesimamishwa lenye majina ya waliopanda, alijifunga kitambaa cha kanisani, akamchukua mjukuu wake Yvonne, wakaenda. Safari hii wangenyamaza.

Na haki ya kuringa alikuwa nayo. Ukame wa themanini na nne uliikausha miti yote ya wakoloni, chifu akaitisha mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu mmoja. Kalekye alikuwa ameolewa hapo karibu na mji. Miaka miwili alipandisha maji kutoka mtoni, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, mtoto kifuani. Mumewe, Musembi, huyo alilala hadi saa nne, kisha akaenda kulewa. Kazi ilipokwisha, akahamia Mombasa na mwanamke mwingine bila hata kuaga. Kalekye akarudi kwao Ikutha na watoto watatu.

Sasa miti ilikuwa imefunika anga. Kalekye alipapasa gome la mmoja kwa furaha. Kisha wakafika kwenye jiwe. Yeye kusoma hajui sana, akamwachia Yvonne.

“Susu,” Yvonne alimwambia bibi yake, “jina yako haiko.”

“Angalia vizuri.”

“Nimeangalia. Kuna Nthiwa, kuna Mulei... Musembi Kitonga. Si huyu ni umau? Kumbe ni babu ndiye alipanda!”

Kalekye akaketi kwenye nyasi. Alikumbuka majina yalivyoitwa kila asubuhi kabla ya kazi. Karani alikuwa akiita nyumba, si watu. “Kwa Musembi!” Naye akiitikia, “Niko!” Wanawake wote waliitikia hivyo, na hakuna aliyeona neno. Wakati ule, mwanamke aliyetaja jina lake mwenyewe angeulizwa kama hana kwake. Karani aliandika alichoitikiwa, na daftari lake ndilo lililochongwa kwenye jiwe. Hapakuwa na wa kumtukana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Miaka miwili mizima alimgawia yule mlevi jasho lake, tena kwa sauti kubwa.

Yvonne alikwishapiga picha na kuituma kwa jamaa. Haikupita dakika kumi simu ikalia. Alikuwa Gedion, kifungua mimba wa Kalekye, yule ambaye tangu utotoni hakutaka hata kusikia baba yake akitajwa.

“Mama, kwa nini hukutuambia?” Sauti yake ilikuwa na machozi. “Miaka hii yote umetuonyesha ubaya yake tu.”

“Gedion, ni mimi nilibeba hayo maji. Baba yako hakushika hata jembe.”

“Mama, wacha hasira. Jina iko kwa jiwe, si nimeiona?”

“Ni mimi nilikuwa naitikia!”

Gedion alishusha sauti, kama mtu anayemvumilia mgonjwa.

“Ni sawa, mama. Lakini mimi naenda Mombasa kumtafuta. Mzee kama huyo hawezi kufia kwa watu wengine. Utamtengenezea ile nyumba yako ya mbele, akae hapo.”