Wakhisi na Tuta la Mpunga

Kwa miaka kumi na tisa Wakhisi alishona viti vya magari pale Mamboleo, viti ambavyo watu wengine wangevikalia wakienda mbali. Wenye magari makubwa wa Milimani walimletea gari likiwa na vumbi la Turkana mpaka ndani ya spika za redio. Akivua viti, chini yake alikuta mchanga, mbegu za miti asiyoijua, na siku moja jino la mbuzi. Aliuliza, "Hii ni ya wapi, Bwana?" Wakimweleza, akirudi nyumbani alimsimulia mkewe Becky kana kwamba yeye ndiye aliyekwenda.

Basi alipofikisha miaka arobaini na sita, mteja mmoja alihamia Nairobi akamwachia Pajero kuukuu kwa bei ya urafiki. Mnajua mtu anavyokipenda kitu alichokisubiri. Viti vyake alivishona mara mbili, maana mara ya kwanza uzi wa kijivu haukumridhisha. Akajiunga na kundi la WhatsApp la Wazururaji wa Ziwa, watu wanaotafuta njia zisizo na lami na kulala kwenye hema. Humo akampata Sydney, dereva wa siku nyingi, ambaye alimfundisha bila kuchoka. Ukifika kwenye matope, punguza upepo wa tairi ili likanyage kwa upana. Ingiza gia nzito, usiguse breki katikati. Beba kamba ya kuvutia, mbao mbili na koleo.

Wakhisi alinunua koleo jipya, akalifunga juu ya gari mahali ambapo kila mtu angeliona.

"Unaenda kuzika nani?" Becky alimuuliza.

"Ni ya safari, mama."

"Safari gani mtu anabeba koleo na habebi chai?"

Safari yake ya kwanza ilikuwa Jumamosi moja ya Aprili. Magari manne yaliacha lami karibu na Ahero, yakaingia mashamba ya Kano, nia ikiwa kufika ufukweni upande wa Nyakach. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Udongo mweusi wa kule hauna mzaha. Ukikanyaga, mguu unatoka na kiatu kinabaki. Njia ilifuata mfereji wa maji, kulia miwa, kushoto mpunga, na mbele kukawa na shimo la matope refu kama basi. Sydney alilipita akiyumba na kupiga honi kwa furaha. Wengine wawili wakamfuata, wakapinda nyuma ya miwa wasionekane tena.

Wakhisi akabaki peke yake na lile shimo.

Alijua la kufanya, kwa maana alikuwa amefundishwa. Lakini moyoni aliona picha yake ikizunguka kwenye kundi, mgeni aliyenasa safari ya kwanza, na watu wakicheka mpaka Krismasi. Pembeni, kati ya mashamba mawili ya mpunga, palikuwa na tuta pana lenye nyasi, linaonekana kavu. Akageuza usukani akapanda juu yake.

Gari lilipita. Ila gurudumu la nyuma lilizama kidogo kabla ya kuchomoka, na kwenye kioo cha pembeni Wakhisi aliona tuta likikatika kama ugali, maji ya shamba la juu yakianza kuteremka kwenye shamba la chini. Taratibu, bila kelele.

Koleo lilikuwa juu ya kichwa chake. Kuziba kungemchukua dakika kumi. Lakini Sydney angerudi kumtafuta, angemkuta pale, angejua kwamba alikwepa matope. Wakhisi akakanyaga mafuta.

Ufukweni walichoma samaki. Sydney alilizunguka lile gari akilichunguza.

"Omera, ndugu yangu, mbona gari yako ni safi hivi? Ulipitia wapi?"

"Si palepale tu mlipopita."

"Ebu oneni huyu! Fundi wa viti amezaliwa dereva!"

Wakampigia makofi. Samaki wake akampa mbwa.

Wiki mbili zilizofuata mshono wake haukunyooka. Jumapili kanisani, padri alipowaambia watu wanyamaze kidogo wakumbuke makosa yao, Wakhisi hakuwa na haja ya kukumbuka. Tangu asubuhi alikuwa akiyaona yale maji ya shambani yakiteremka mbele ya macho yake. Jumamosi ya tatu akamwambia Becky anaenda kuona mteja. Hilo likawa la pili la kumlemea. Akarudi Kano na koleo lake.

Mvua ilikuwa imekatika, na tuta lilikuwa limeshazibwa. Shamba la juu lilikuwa na mpunga wa manjano, umekonda. La chini lilikuwa baya zaidi: udongo umepasuka, mpunga umelala. Mama mmoja alikuwa akipalilia kule juu, jina lake Akinyi, mjane. Wakhisi alimsalimia akamuuliza kulitokea nini.

"Ni shemeji yangu Amolo, mwenye hilo shamba la chini," Akinyi akasema. "Alikata tuta yangu akaiba maji. Asubuhi kwangu kumekauka, kwake kumejaa mpaka vyura wanaimba. Kikundi cha mfereji kikamnyima zamu zake tatu za maji. Ona sasa."

"Una hakika ni yeye, mama?"

"Maji ilienda kwake. Wewe ungesema ni nani, Yesu?"

"Hakukuwa na alama ya... ya kitu kingine?"

"Alama gani? Ng'ombe za kijiji mzima zinapita hapa."

Wakhisi alifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Pole sana, mama." Akarudi garini akakaa, mikono kwenye usukani. Alikuja akidhani ameharibu mpunga. Kumbe alikuwa ameharibu mtu.

Hakuwasha gari. Akashuka, akauliza njia ya kwa Amolo.

Alimkuta mzee mwembamba anachonga mpini wa jembe. Akamwambia yote akiwa amesimama, mpaka lile la makofi ufukweni. Amolo hakuacha kuchonga.

"Wiki tatu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mzee."

"Mke ya marehemu ndugu yangu hanisalimii. Watoto wakiniona wanaficha ndoo, wanacheka. Wiki tatu wewe unashona viti."

"Nitakuja nilime, nipande upya. Nitafanya chochote utakachosema."

"Kulima ninajua." Amolo akaweka mpini chini. "Nyumba kumi na moja ziko kwa hii mfereji. Utasema kwa kila mlango, na mimi nikiwa nimesimama hapo wanione."

"Basi twende na gari, mzee, ni mbali."

"Na gari tena?"

Wakaenda kwa miguu. Mlango wa kwanza Wakhisi aliongea haraka, Amolo akamwambia, "Rudia, hawajasikia." Mlango wa nne mwanamume mmoja akacheka kwa sauti, kisha akamwona Amolo na kicheko kikamkauka. Mlango wa saba bibi mmoja alianza kulia, akasema yeye ndiye aliyetaka zamu ziwe tatu badala ya moja. Kila mahali Wakhisi alitamani atukanwe, na hakuna aliyemtukana. Walimwangalia Amolo tu, kisha wakaangalia chini.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Akinyi. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono bado ina matope.

"Uliniuliza kama nina hakika," akamwambia Wakhisi. "Ulikuwa unajua, ukaniuliza."

"Ndiyo, mama."

Akinyi akageukia ndoo ya maji. Alinawa mikono, akaifuta kwa leso, akachukua muda mrefu kuifuta.

"Shemeji," akasema, "ingia ndani. Kuna uji."

Amolo akainama akaingia. Mlango ukabaki wazi. Wakhisi hakuambiwa aingie wala aende, akabaki amesimama uani, akiwasikia wanavyoanza kuongea polepole, mmoja akingoja mwingine amalize.