Hodi Tatu kwa Namba Arobaini

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mlangoni saa kumi na mbili na robo asubuhi, na duka letu la kompyuta lilikuwa likifunguliwa saa mbili. Nilisimama kibarazani pale Levolosi nimekumbatia mkoba wenye bisibisi moja, kebo moja ya mtandao na daftari. Mama wa chapati wa jirani aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimepata kazi. "Basi kula," akasema, "maana uso wako bado haujapata hiyo habari."

Nayaandika haya nikiwa na miaka thelathini na miwili, na najua si umri wa kuandika kumbukumbu. Lakini katika kazi ya kufunga mitambo ya kompyuta miaka kumi ni uzee. Vijana wa karakana wananiita Bibi, na wiki hii Bibi amekabidhi mkoba. Kuanzia Jumatatu nitakaa ofisini kuwapangia wengine safari. Kwa hiyo naandika kama wastaafu wanavyoandika, ili ninyi mnaoingia mjue kazi ilivyofanywa. Nataka pia mjue nilipokosea, kwa sababu hilo hakuna atakayewasimulia.

Sikusomea chuo. Nilijifunza kwa video, kwenye simu iliyopasuka kioo, sebuleni kwa shangazi yangu, nikizisimamisha kila baada ya sentensi ili ninakili. Mkurugenzi wetu, Kalasinga mzee aliyezaliwa hapa hapa Arusha, aliniuliza siku ya usaili nimesoma wapi.

"Kwa simu, Mzee."

"Na simu ikakupa cheti?"

"Hapana, Mzee."

"Vizuri. Baba yangu alijifunza malori akiwa chini ya lori. Jumatatu uje."

Aliniamini kwa urahisi kiasi kwamba sikuwahi kulala vizuri. Mwenye cheti akikosea, watu husema mtambo umegoma. Mimi nikikosea watasema, si tulisema. Kwa hiyo nilijiwekea orodha. Kila kazi ilikuwa na orodha yake, kila mstari una kisanduku, na sikuondoka mahali mpaka visanduku vyote viwe na alama. Nilikuwa naikagua orodha, halafu nakagua kama nimeikagua.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukipa kihifadhi kipya anwani yake ya kwanza. Kihifadhi ni sanduku la chuma lenye diski nyingi ndani, la kutunzia kumbukumbu za ofisi nzima. Kinapotoka kiwandani hakijui kipo wapi. Kwenye mtandao kila kifaa kina anwani, namba kama ya nyumba, na kifaa kisicho na anwani ni bubu. Basi unakiunganisha na kompyuta yako kwa kebo, unafungua programu ya kutafutia, unakitambua kwa namba iliyobandikwa mgongoni mwake, kisha unakiandikia mambo matatu: namba ya nyumba yake, mtaa wake unaishia wapi, na lango la kutokea kwenda mitaa mingine. Unabonyeza, unasubiri. Taa ya njano inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, halafu inageuka kijani na kutulia. Kuanzia hapo kila kompyuta jengoni inaweza kukiita, nacho kikaitika.

Cha kwanza nilichokifunga peke yangu kilikuwa katika ofisi moja ya watalii karibu na maziwa ya Momela. Mbega walikuwa wakirukaruka juu ya bati. Taa ilipokuwa kijani niliomba kwenda msalani, nikalia. Kisha nikanawa uso, nikarudi na kusema, "Tayari," kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

Mwaka wangu wa pili Mkurugenzi alinituma mlimani, kwenye hospitali moja ndogo kwenye miteremko ya Meru, mahali ambapo wagonjwa hushuka kwa njia za miguu katikati ya migomba na kahawa. Kihifadhi chao cha zamani kilikuwa kinakufa. Ndani yake zilikuwemo picha zote za eksirei za miaka mingi, na diski zilikuwa zimeanza kugongagonga. Kila siku ilikuwa bahati. Jumatatu daktari wa mifupa angepanda kutoka mjini kwa kliniki yake, na alizihitaji picha hizo. Niliambiwa nifunge kipya Jumamosi.

Nilifika na orodha yenye visanduku kumi na vitatu. Hospitali haikuwa na daftari la anwani. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameacha kikaratasi kilichofifia, na kwenye kikaratasi hicho namba inayoishia na arobaini haikuwa na mwenyewe. Kabla ya kumpa mtu kiwanja unauliza majirani. Sisi tunauliza kwa amri iitwayo ping: kompyuta yako inaiita ile anwani, na kama pana kifaa, kinajibu. Niliiita arobaini mara tatu. Kimya. Nikatia alama kisanduku cha nne.

Hapa ndipo nataka msome polepole. Nyuma ya kabati la mitambo niliona kebo moja inapita ukutani kuelekea chumba cha eksirei, na chumba kilikuwa kimefungwa. Nilimuuliza mlinzi habari za ufunguo.

"Anao Mama Anaeli, yule fundi wa mionzi," akasema. "Anakaa hapo chini ya kanisa. Dakika kumi tu, mteremko."

Dakika kumi. Sikwenda. Niliogopa aulize swali nisilolijua, na akishaona sijui, aulize nimesoma wapi. Tena kumfuata Mama Anaeli hakukuwa na kisanduku kwenye orodha yangu.

Nikakipa kihifadhi namba arobaini. Taa ikawa kijani. Picha zikaanza kuhamia, na nikashuka mjini nikiimba.

Jumatatu saa tatu asubuhi simu ikapigwa. Mashine ya kusomea eksirei imekataa kutuma picha hata moja, na uhamishaji wa zile za zamani umekwama katikati. Nilipofika, benchi la nje lilikuwa limejaa. Alikuwepo bibi aliyeanguka akichuma kahawa, mkono wake umefungwa kwa kanga, anautazama kama wa mtu mwingine. Daktari wa mifupa alikuwa anatazama saa. Na katikati ya korido Matroni, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele, alikuwa anamwambia Mama Anaeli mbele ya watu wote:

"Nimekwambia mara ngapi? Unazima mashine ukutani kama redio! Sasa imekufa."

"Matroni, umeme wa huku ukikatika unarudi kwa kishindo. Nisipozima ndiyo itakufa."

"Basi imekufa ukiwa umeizima!"

Niliingia chumbani. Kwenye kioo cha mashine palikuwa na maneno machache, kwamba anwani yake inatumiwa na kifaa kingine. Ubavuni palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi, mwandiko wa mkono, safi kabisa: arobaini.

Nilihisi masikio yanawaka. Nyumba ilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe alikuwa amelala tu, amezimwa, kama anavyozimwa kila siku kazi ikiisha, na mimi nikamwingiza mgeni kitandani mwake.

Kurekebisha kulinichukua muda usiofika nusu saa. Nilikihamishia kihifadhi namba hamsini na saba, nikaielekeza mashine ya eksirei huko, uhamishaji ukaendelea. Mkono wa yule bibi ukatokea kwenye kioo, umevunjika mahali pawili, picha nzuri kupita kiasi. Watu wakapiga makofi. Daktari akanipa mkono. Matroni akasema, "Binti, umetuokoa," akaagiza nipewe mkungu wa mshare, ndizi za kupika, kutoka shamba la hospitali.

Na mimi nikasema, "Asante."

Nikasema asante, nikabeba mkungu. Nilipokuwa natoka nilimwona Mama Anaeli anaifuta mashine yake kwa kitambaa, mgongo umenielekea. Siku ya tatu nikasikia kwa simu kutoka kwa mlinzi wa hospitali kwamba Mama Anaeli amepewa barua ya onyo, na kwamba ya pili ingekuwa ya kumwondoa kwenye kile chumba.

Mkungu ulikaa pembeni ya jiko la shangazi. Mshare hupikwa mbichi, lakini kila shangazi alipochukua kisu nilimwambia angoje. Zikaanza kuwa njano. Zikaingia madoa. Nzi wakaja. Siku ya sita Mkurugenzi alinikuta karakanani nakagua orodha ya kazi iliyokwisha.

"Umepungua. Unaumwa?"

Nikamwambia yote. Nilitegemea anifukuze, na kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kukusanya bisibisi zangu. Akavuta kiti.

"Uliita mara ngapi?"

"Tatu, Mzee. Haikujibu."

"Kwenu ukipiga hodi tatu bila kujibiwa, unafanyaje?"

"Naondoka."

"Huingii ukalala?"

"Siingii, Mzee."

"Sasa nani kakufundisha kwamba kwenye kompyuta adabu inabaki mlangoni?" Akaiweka kando orodha yangu. "Kosa la namba tumelifanya sote. Mimi niliwahi kuzima benki siku ya mishahara. Lakini hili la mama wa watu si la namba. Hilo sikutumi mimi. Nenda mwenyewe."

Nilipomweleza shangazi, ambaye ni Mmeru na hana maneno mengi, alitoka nje, akakata jani la isale, mmea ule mrefu unaopandwa mipakani mwa mashamba, akalifunga fundo. "Usiende mikono mitupu," akasema. Kwetu, mtu akikujia na isale anaomba msamaha, na kuikataa ni jambo zito kuliko kosa lenyewe.

Nilianza ofisini kwa Matroni, maana ndiye aliyelitangaza kosa koridoni, na kulisafisha kulitakiwa kuanzie kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Kwa hiyo nimempa ndizi mtu wa kosa, na barua mtu wa haki."

"Ndiyo, Matroni."

"Na ukakaa kimya siku sita."

"Ndiyo, Matroni."

Akafungua droo, akatoa nakala ya ile barua, akaichana vipande vinne kwa utulivu, halafu akasimama. "Twende. Na mimi nina la kusema kule."

Mama Anaeli alikuwa kwenye stuli mbele ya mashine. Nilimwamkia shikamoo, nikapiga goti, nikampa jani kwa mikono miwili na kusema namba arobaini ilikuwa yake na mimi niliichukua bila kumuuliza. Aliligeuza lile jani muda mrefu. Matroni naye akamwomba radhi, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Nilikuwa nyumbani Jumamosi hiyo," Mama Anaeli akaniambia. "Nilikuwa nachambua mchicha tu. Ungekuja ungenikuta."

"Niliogopa utaniuliza maswali, Mama."

"Ningekuuliza kama umekula." Akaliweka jani juu ya mashine. "Na zile ndizi?"

"Zimeiva mno, Mama. Zimeoza."

"Loo! Umeniharibia jina, ukaharibu na mshare." Akacheka mpaka akashika kiuno, na Matroni akacheka, na mimi nikacheka huku nalia, mara hii bila kwenda msalani.

Siku ile ile tuliketi wawili na daftari jipya. Alinitembeza jengo zima, chumba kwa chumba, akinionyesha kila kitu kinachozimwa na kwa nini. Kwenye mstari wa arobaini niliandika kwa herufi kubwa: YA MAMA ANAELI. HATA AKINYAMAZA, YUPO. Na kwenye orodha yangu nikaongeza kisanduku cha kumi na nne, ambacho sasa ni cha kwanza: nenda kwa miguu, uliza watu.

Nimevifunga vihifadhi vingi tangu hapo, mjini na vijijini, shuleni na kwa wafanyabiashara wa kahawa. Najivunia, na naandika neno hilo bila kuliomba radhi. Hakuna hata kimoja kilichopata anwani ya mtu. Siku hizi vingine hujiombea namba vyenyewe mara tu vinapochomekwa, na mtaniuliza kisanduku changu cha kwanza kina kazi gani. Mashine inaweza kujua anwani ipi haijibu. Nani amelala, amezima, au yuko shambani, hilo linajulikana na mlinzi na mwenye ufunguo.

Wiki iliyopita nilipanda mlimani mara ya mwisho kama fundi, kukabidhi daftari. Kile kihifadhi cha hamsini na saba bado kinafanya kazi, taa yake kijani. Ilikuwa Jumamosi. Kwa mazoea niliiita arobaini mara tatu, ikanyamaza, nikatabasamu. Kisha nikashuka mteremko ule wa dakika kumi mpaka nyumba iliyo chini ya kanisa, kuaga. Nikapiga hodi. Nikapiga ya pili, na ya tatu. Kimya. Nikageuka kuondoka, kama inavyotakiwa, ndipo sauti ikatoka katikati ya migomba:

"We binti, unakwenda wapi? Nipo."