Véronique apika bila chungu huko Texas

Jua la Jumamosi halijapata ukali, na Véronique Bisimwa tayari amepiga magoti kando ya shimo, akipanga mawe juu ya makaa. Hapa ni Grand Prairie, jirani na Dallas, kwenye kituo cha mambo ya kale, ambako anaonyesha jinsi watu wa kwanza wa Texas walivyoishi maelfu ya miaka iliyopita.

Mawe yakipata moto, atatandaza majani mabichi, apange viazi vitamu, kisha afunike kwa majani mengine na udongo. Watu wa kale waliivisha mizizi ya porini kwa njia hiyo. Viazi ni vya dukani, wala hafichi.

Leo roho yake iko juu juu. Kituo kilimpa Jumamosi tatu za kujaribu kuwasimulia Wakongo na Warundi wa hapa kwa Kiswahili. Watu wakija, ataajiriwa na kuliaga ghala alikobeba maboksi miaka sita. Jumamosi mbili zimepita, na wote waliokuja wangeenea kwenye gari moja.

Mazoezini alianza kwa kituko. Aliweka mafiga matatu na chungu juu, kama kwao Walungu, Kongo. Jackie, msimamizi wake, akamuuliza watu hao wa kale chungu walikitoa wapi.

"Bale batu habakukuwa na chungu, na miye nabapatia," anasema Véronique, akicheka mpaka machozi. "Mukono ulienda wenyewe. Mwanamuke wa kwetu bila mafiga atapikia wapi?"

Kufikia adhuhuri, magari yamejaa hadi barabarani. Kazi hiyo ni ya Mama Gaudiose, rafiki yake Mrundi, aliyetangaza baada ya misa kwamba kutakuwa na chakula. Penye chakula, watu wetu hawasukumwi.

Shimo linafunuliwa, watoto wanadaka viazi vya moto na kupuliza vidole. Véronique anasimulia: watu wa kwanza walifika kwa miguu wakifuata wanyama, wakajifunza upya mto upi haukauki na mzizi upi haudhuru.

Binti mdogo, Élodie, anauliza kwa Kiingereza ni nani aliyewapokea uwanja wa ndege. Wazazi wanacheka. Véronique hacheki.

"Hakuna mutu, mama," anamjibu. "Siye tulikuta batu ba shirika ya bakimbizi na blanketi. Bale balikuta pori tu."

Jackie ameona umati, na anatangaza: kazi ni ya Véronique. Véronique anashukuru, kisha anaomba jambo moja: familia mpya zikishuka Dallas, ziletwe hapa kabla ya kwingine kokote.

"Barabara na kazi batajifunza polepole," anasema, akimega kiazi. "Mugeni akule kwanza."