Kompyuta ya Gari Tuliyoifuata Momela

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya masika gari langu la Noah lilipogoma kuwaka mbele ya wanawake wa watu, wamejitanda kanga juu ya masweta, wanasubiri niwapeleke kazini. Nikazungusha ufunguo, mota ikalia, injini haikujibu. Nikazungusha tena. Mmoja wao akaniambia kwa upole, "Mama Upendo, usiichoshe betri." Hapo nikajua mambo yameharibika, kwa sababu yule mwanamke hakuwa fundi. Alikuwa amenionea huruma tu.

Nilikuwa bado kijana wakati ule. Mume wangu alikuwa mwalimu, kituo chake mbali, anarudi mwisho wa mwezi. Mimi nilikaa Engutoto, pale mjini, na watoto, na gari nikaliendesha mwenyewe badala ya kuajiri dereva. Kazi yangu ilikuwa kuwapeleka wanawake shamba la maua upande wa Usa kabla jua halijachomoza, na kuwarudisha alasiri. Gari lilikuwa kuukuu tangu siku niliyolinunua, lakini lilikuwa linatii. Ndiyo maana siku ile nililishangaa kama unavyomshangaa mtu mpole akikujibu vibaya.

Tulilivuta mpaka Ngarenaro, kwa fundi wangu wa umeme wa magari, Lomayani. Huyu Lomayani hakuwa mtu wa maneno. Alipima plagi, hazitoi cheche. Akainama mvunguni mwa dashibodi upande wa abiria, akafungua kisanduku cha bati chenye ukubwa wa kitabu cha nyimbo, akanionyesha ndani. Mvua ilikuwa imepenya pembeni mwa kioo cha mbele, imeteremka polepole bila mtu kujua, na vile vinyaya vyote vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

"Hii ndiyo kompyuta ya gari," akasema. "Ndiyo inayoiambia injini lini imwage mafuta, lini itoe cheche. Imeoza. Tutafute nyingine."

Mimi nikadhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza tunaanza. Nasikia siku hizi mnapiga picha namba ya kifaa, mnairusha kwenye kundi la simu, na chai haijapoa mmeshajibiwa. Sisi tulitembea. Duka kwa duka la vifaa vilivyotumika, tumebeba kile kisanduku kibovu mkononi kama watu wanaotafuta jamaa yao kwa picha. Visanduku vilikuwepo vingi, vinafanana kama mapacha, lakini namba zilizobandikwa juu hazikuwa sawa. Moja ilifanana mpaka karibu na mwisho, ikatofautiana kwa herufi moja tu. Nikamwambia Lomayani aifunge hivyo hivyo. Alinitazama, akaifunga. Gari likawaka, nikapiga vigelegele pale pale gereji! Lakini nilipoweka gia, gari halikusogea, linanguruma tu kama ng'ombe aliyefungwa. Kile kisanduku kilikuwa cha gari la gia za mkono, na langu lilikuwa la oto. Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utoto, lakini siku hiyo ndipo nilipolielewa.

Msimamizi wa shamba la maua hakuwa mtu mbaya, lakini maua hayasubiri. Aliniambia nisipofika na gari Jumatatu, njia yangu atampa mwingine. Na wale wanawake, siku hizo nilizokosa kuwachukua, wengine walikatwa ujira kwa kuchelewa. Waliniambia hivyo bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ndipo akaja Bosco. Bosco alikuwa dalali, kijana wa mjini mwenye kofia na simu mbili, aliyejua kila gari lililolala kutoka Ngaramtoni mpaka mlimani. Akasema, "Mama Upendo, ipo Noah kama yako, mwaka ule ule, oto, juu kule Momela. Mwenyewe alishafariki. Imekaa tu bandani, kuku wanatagia humo. Twende tukaing'oe hiyo kompyuta."

Jumamosi tukapanda pikapu iliyokuwa imeleta nyanya mjini na inarudi tupu: mimi, Bosco, na Lomayani nyuma na mkoba wake wa vifaa. Tulipopita katika hifadhi ya wanyama twiga walikuwa wamesimama barabarani, dereva akazima injini kuwasubiri. Mimi moyoni nawalaani twiga wa Mungu. Ona haraka inavyomfanya mtu.

Mji wa yule marehemu ulikuwa nje kidogo ya hifadhi, umezungukwa na migomba, umefagiwa vizuri. Gari lilikuwa chini ya banda la mabati. Wala hapakuwa na kuku. Lilikuwa limeoshwa, matairi yana upepo, na kwenye kiti cha dereva pametandikwa kitambaa cha kufuma. Hilo peke yake lingetosha kutufundisha, kama tungekuwa watu wa kuona. Bosco hakupiga hodi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja bandani, akafungua mlango wa gari, akapiga goti juu ya kiti cha abiria na kuchungulia chini ya dashibodi.

"Namba yenyewe hii hapa!" akapiga kelele. "Herufi kwa herufi!"

Mwanamke mtu mzima akatokea migombani, ana jembe begani na udongo miguuni. Bosco akamgeukia bila hata kuondoa goti. "Mama, sisi tunataka hii kompyuta tu. Gari lenyewe si limeshakufa? Sema bei."

Yule mama akaegemeza jembe ukutani. Jina lake, nililijua baadaye, lilikuwa Mama Kaanaeli. Akajifuta mikono kwenye kanga, akazunguka upande wa dereva. Akaketi kwenye usukani, akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja, sauti laini. Na hapo mbwa aliyekuwa amelala kivulini akaruka, akakimbia mpaka getini, akasimama anatikisa mkia na kutazama barabara.

"Nani amekwambia limekufa?" akauliza Mama Kaanaeli. "Kila Jumamosi naliwasha. Huyo mbwa bado anadhani mzee anarudi."

Akazima injini.

"Na wewe kijana, huko kwenu mtu akiingia kwenye mji wa watu anaanza na vitu, au anaanza na watu?"

"Shikamoo mama," akasema Bosco, sauti imekwisha.

"Marahaba. Sasa ondoa goti lako kwenye kiti cha gari la mume wangu."

Mwanangu, karipio lile lilimlenga Bosco, lakini mimi pia lilinipata. Nami nilikuwa nimekuja na jicho kwenye kisanduku, si kwenye nyumba. Lakini nikueleze ukweli wote: hata baada ya aibu ile, moyo wangu uliendelea kubishana. Ulisema, huyu mama ana gari lisilokwenda popote, na mimi nina wanawake wanaosubiri barabarani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa natazama kitanda chake kutoka mlangoni na kukipigia hesabu.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikavua viatu, nikamwamkia vizuri, nikampa pole ya msiba. Akatukaribisha. Bosco akasema tuna haraka, mimi nikasema hatuna. Nilidanganya, haraka nilikuwa nayo mpaka kwenye kucha. Akatuletea loshoro, yale mahindi yaliyochemshwa na kuchanganywa na maziwa mgando, tukala. Kisha nikamwuliza alikuwa mtu wa namna gani, huyo mzee.

Mama Kaanaeli akaweka kijiko chini. "Tangu tulipoanua matanga," akasema, "wamekuja watu wengi hapa. Wote wanauliza gari. Wewe ndiye wa kwanza kumwuliza yeye."

Basi akanieleza. Mume wake aliendesha greda la barabara maisha yake yote. Alipostaafu akanunua lile gari kwa kiinua mgongo, akasema miaka yote nimeendesha magari ya watu, sasa naendesha langu. Akampeleka mkewe mpaka Tanga akaone bahari. "Nikaiona," akasema Mama Kaanaeli, "nikaogopa, nikamwambia turudi nyumbani. Alicheka njia nzima." Naye alicheka alipokuwa anasema hivyo, kisha akalia, kisha akamimina maziwa zaidi kwenye bakuli la Lomayani, kwa sababu lilikuwa tupu.

Nilisahau kompyuta, mwanangu. Sisemi hivi kujisifu. Nilisahau kweli, kwa muda. Ni yeye aliyeikumbuka.

"Gari lako linafanya kazi gani?"

Nikamweleza.

"Na hao wanawake sasa wanakwendaje?"

"Wengine wanaunganisha magari. Wengine wanatembea tangu alfajiri."

Halafu akasema, "Mimi nikiwa msichana nilichuma kahawa kwenye shamba la mtu, huku huku. Tulitoka na giza. Nyati hawakujua kwamba sisi tunakwenda kazini." Akasimama, akaenda ndani. Tukamsikia anaongea kwa simu, kwa Kimeru, na mwanawe aliyekuwa Dodoma. Alichukua muda. Bosco akaninong'oneza kwamba bila shaka anapandisha bei. Lomayani akamwambia anyamaze.

Aliporudi alisimama mbele yangu. "Kompyuta sikupi. Ukiing'oa, ndipo hili nalo litakuwa maiti, na mimi sitaki maiti wa pili kwenye mji huu. Lakini gari lenyewe lichukue. Lifanye kazi mpaka utakapopata kifaa chako. Jumapili uje nalo unipeleke kanisani. Na hapo mbele, asikae mtu wa kuweka miguu juu ya dashibodi."

Tukamwita balozi wa nyumba kumi wa pale ashuhudie, kwa sababu wema nao unataka mashahidi, na jioni ile nikashuka mlimani nikiendesha gari la mtu ambaye asubuhi yake sikumjua. Bosco, kiti cha nyuma, akauliza udalali wake analipwa na nani. Lomayani akacheka mpaka Usa. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Jumatatu wanawake walipanda. Msimamizi akaona gari la rangi nyingine, akainua mkono, hakuuliza. Na kila Jumapili nilipanda mlima asubuhi mapema. Mwanzoni nilikwenda kwa sababu niliahidi. Baadaye nilikwenda na watoto wangu, wakawa wanamwita bibi, na yeye akawa anawafungia parachichi za kuja nazo mjini.

Kompyuta tuliipata, tena bila vurugu. Lomayani alikuwa amewaachia mafundi wenzake ile namba, na mmoja wa Moshi akaiona kwenye gari lililogongwa nyuma likaharibika kabisa. Ikaja kwa basi, imefungwa kwenye gazeti. Lomayani alisoma namba mara mbili kwa sauti kabla hajaifunga, kisha akaziba kile kioo kilichokuwa kinavuja, jambo ambalo mimi katika pupa yangu nisingelikumbuka. Gari likawaka, gia zikaingia.

Nikaliosha gari la Mama Kaanaeli, nikalipandisha kwake, nikamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Nilikuwa na hofu kidogo. Nilimwambia, "Mama, sasa utaendelea na Jumamosi zako."

Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. "Unajua," akasema, "Jumamosi ya kwanza baada ya wewe kulichukua nilikaa pale kibarazani siku nzima, sijui nifanye nini. Ya pili nikaenda kumtembelea dada yangu. Ya tatu sikukumbuka hata kama ni Jumamosi." Akatazama banda. "Hapa halilali tena."

Na kweli halikulala. Alitafuta kijana mwenye leseni na adabu, gari likawa linawapeleka wajawazito na wagonjwa wa kijiji zahanati. Tuliendelea kutembeleana mpaka Mungu alipomwita, na nilikaa na wanawe kwenye matanga yake kama mtu wa nyumbani.

Sasa nikuambie neno lenyewe, mwanangu, maana hadithi isiyo na neno ni upepo. Katika maisha utatafuta vitu vingi: kifaa, kazi, kiwanja, sahihi ya mkubwa. Na karibu kila kitu utakachokitafuta kipo mkononi mwa mtu fulani, na mtu huyo ana habari zake. Msalimie kwanza. Mwulize habari zake, kisha usikilize jibu kana kwamba hukuja kwa jambo lingine. Usiite kitu cha mwenzako mkweche, hata kama kimekaa. Hujui kinamfanyia kazi gani. Akikukatalia, usimwone mchoyo, maana huenda unachoomba ndicho kinachomshikilia asianguke.

Siahidi kwamba utapewa. Nimewahi kukaa kwenye nyumba za watu, nikasikiliza kwa moyo wote, na nikaondoka mikono mitupu. Hilo nalo ni sawa. Heshima si chambo cha kutegea samaki. Unamheshimu mtu kwa sababu ni mtu.

Haya, nenda, jua linapanda. Mungu akutangulie kwenye kila mji utakaouingia, akupe ulimi wa kubisha hodi na masikio ya kukaa kitako. Akujalie wenyeji wema, nawe akujalie kuwa mgeni ambaye akiondoka, waliobaki wanauliza lini atarudi. Amina, mwanangu.